Baraka ya Mzee Lemburis

Daktari Sophia hakupamba maneno. "Kinga ya mwili wa mkeo imemgeuka, inamla mwenyewe," alimwambia Lengai. "Vidonge vyote vimeshindwa. Dripu hii inafyeka chembe za damu zinazotengeneza hiyo kinga. Malengelenge yatakauka, lakini kwa miezi sita au zaidi hatakuwa na ulinzi. Mtu anayekohoa asimsogelee. Umenielewa, baba?"

Lengai alielewa vizuri sana. Mwaka mzima alikuwa akimlaza mkewe, Namnyaki, juu ya majani ya mgomba, maana shuka zilimbandua ngozi. Dawa ikaagizwa Nairobi. Baada ya dripu ya pili vidonda vikaanza kufunga, na Namnyaki akala ugali bila kulia.

Hapo Lengai akaitazama nyumba yao ya kupanga Kijenge, mjini, vyumba sita na korido moja, kila mtu na mafua yake. Akaamua kumpeleka mkewe kijijini Oldonyo Sambu, kwa baba yake Lengai, kwenye hewa safi. Mtu na akili zake! Alimkimbiza mkewe kutoka kwa wageni, akasahau kwamba nyumbani ndiko watu wanakogusana.

Walikuta wazee wamesimama uani, wanasubiri. Mkwe aliyerudi kutoka mlangoni mwa kaburi hapokewi hivi hivi. Mzee Lemburis, baba yake Lengai, alikuwa na kibuyu cha maziwa. Angepiga funda, kisha amtemee mkwewe kichwani na usoni, ndiyo baraka yenyewe.

Kabla hajanywa, mzee alikohoa. Kikohozi kirefu, kizito, kikamwinamisha. Lengai akaona jinsi baba yake alivyokonda.

"Baba, kikohozi hicho cha tangu lini?"

"Tangu kiangazi. Vumbi tu hili. Mlete mwanangu."

Maneno mawili tu yangetosha: baba, usimtemee. Lakini nani amkatalie baba mate yake mbele ya wazee? Huko ni kuomba laana. Lengai, anayebishana na matrafiki mjini mpaka wanachoka, alimshika mkewe mkono akamsogeza mbele. Aibu yake.

Namnyaki naye alikuwa amemsikia daktari. Hakuinama mara moja. Alimtazama mumewe, akangoja aseme neno. Lengai akaangalia chini, na mkewe polepole akainamisha kichwa.

"Mungu akupe uhai mrefu," alisema mzee, akapiga funda, akamtemea.

"Nai!" wazee wakaitikia, wakiomba iwe hivyo.

Lengai naye akaitikia, kwa sauti kubwa kuliko wote.