Mashahidi wa Ukoo

Ndeti hakuwa na gari, hakuwa na mtu wake serikalini, wala hakuwahi kukalia dawati la shule mchana. Kusoma alijifunza usiku, kwa taa ya chemni, baada ya kushinda akichonga barabara. Hakuwa na kaka tena, maana Ndululu alianguka shambani akichimba mtaro, akafa kabla ya kuletewa maji. Hakuwa na mtoto wa kiume tena, maana Mulei alianguka akicheza mpira kwenye uwanja wa kanisa kule Zombe, naye hajatimiza miaka ishirini. Alibaki na mkewe Mbula, binti mmoja, Syombua, na bima ya familia ambayo hakuwahi kuchelewa kuilipia.

Mwaka wa tisini na saba Syombua naye alianguka, mbele ya darasa lake la watoto. Huyu alizinduka. Daktari wa Nairobi aliwaambia kwamba huenda moyo huu mbaya unarithiwa, na kwamba damu ya binti inaweza kupelekwa ng'ambo ikapimwe. Wakishajua, wataweza kumkinga. Gharama yake ingemeza shamba lote pamoja na ng'ombe. Kampuni ya bima ikajibu kwamba italifikiria jambo hilo iwapo itathibitishwa kuwa wale wawili waliuawa na moyo. Kwa vile walikufa bila kuonwa na daktari, basi waletwe mashahidi watatu wa ukoo, watie sahihi mbele ya chifu.

Ndeti aliona hilo ni jambo dogo. Ukoo mzima ulihudhuria mazishi ya wote wawili.

Wazee walikutana kule Kabati, nyumbani kwa binamu yake Kiilu, mkuu wa ukoo. Kiilu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka kikombe chini.

"Agosti watu wa Mukuyuni wanamletea binti yangu Kaluki mbuzi wa ntheo, wale wa kufungia uchumba," alisema. "Unajua waposaji huulizia nini kwanza."

"Kama ukoo una wachawi, na kama una magonjwa."

"Nawe unataka nikamwambie chifu kwamba kwetu watu huanguka kama kuku wa kideri."

"Kiilu, wewe ndiye uliyembeba Mulei kutoka uwanjani. Ulimwona."

"Nilimwona. Jua lilikuwa kali."

"Mficha maradhi, mwana wa baba, kifo..."

"Na mtangaza maradhi, binti zake huzeekea jikoni kwa mama yao."

Wazee walicheka. Mmoja wao akasema, "Andika ni ukoo wa Mbula. Wao wako mbali, hawatajua."

"Ndululu alikuwa kaka yangu, si kaka wa Mbula."

"Msomi wa usiku," Kiilu alisema kwa upole, "mchana huoni? Wewe una binti mmoja. Mimi ninao wanne. Na huyo wako, nani atamwoa ukishaandika?"

Ndeti alitafuta hasira, asiipate. Yeye mwenyewe alipotaka kumwoa Mbula, baba yake alituma watu wakachunguze kama kwao kuna kikohozi cha damu. Siku hiyo aliona baba yake ni mtu mwenye busara. Akachukua kofia yake, akaaga kila mzee kwa jina.

Nyumbani aliandika barua mwenyewe, kwa mwandiko wake ulionyooka. Mbula akaweka dole gumba kwenye nafasi ya shahidi wa kwanza. Nafasi mbili za mashahidi zikabaki tupu.

Syombua aliisoma akiwa amesimama.

"Baba, wanataka watatu, tena mbele ya chifu."

"Najua."

"Na hata wangekuwa watatu. Wasipoamini, watasema hakuna ugonjwa. Wakiamini, watasema ni ugonjwa wa kuzaliwa nao, bima haiugusi."

"Masharti yao nimeyasoma, mwanangu."

"Basi unaandika ya nini?"

Syombua akachukua debe, akaenda kuteka maji. Ndeti alimtazama akishuka, kama alivyomtazama kila siku tangu alipoanguka, na hakuondoa macho mpaka alipolitua debe salama kisimani. Ndipo akakunja barua, akalamba gundi ya bahasha na kuikandamiza kwa ngumi. Akavaa koti lake la kanisani, akaenda Kabati, akaitumbukiza katika sanduku la posta.