Wasikilizaji wa Mwalimu Klachi

Baba yangu alifundisha watu kuendesha gari kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo nadhani alilitamka neno "klachi" mara nyingi kuliko jina langu. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mwalimu Klachi. Goti la kushoto lilipomgomea akastaafu, na mwezi haukuisha akawa anamfundisha mama namna ya kufunga mlango wa kabati. Mama akaniita pembeni.

"Mwanangu, mtafutie baba yako watu wa kuwafundisha, kabla sijaihama nyumba hii."

Mimi kazi yangu ni kuhariri sauti kwenye kampuni ya matangazo. Nikamwambia baba tuanzishe podikasti. Nilipomweleza kuwa ni kama kipindi cha redio, ila mtu anakisikiliza kwenye simu saa anayotaka mwenyewe, aliniuliza swali moja tu.

"Nani atasikiliza?"

"Vijana," nikajibu hapo hapo. "Wanaotafuta leseni."

Tulirekodia stoo, magodoro tumeyaegemeza ukutani kuzuia mwangwi. Nikaweka muziki wa kishindo mwanzoni. Nikamwandikia "Mambo vipi, vijana wangu!" na baba, ambaye tangu azaliwe hajawahi kumwambia mtu mambo vipi, akaisoma kama anasoma hukumu ya mahakama. Alipoeleza kwa dakika nne jinsi mguu unavyoachia klachi polepole, nilimkata zikabaki sekunde arobaini. Nikamwambia vijana hawana subira. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Baada ya vipindi sita tulikuwa na wasikilizaji ishirini na watatu waliojiandikisha kwa namba zao za simu, na kumi na wanne kati yao ni ndugu zetu. Kijana mmoja akaandika: "Mzee, heshima yako, ila haya sisi tunaangalia kwenye video." Sikumwonyesha baba.

Jumamosi moja asubuhi ukaingia ujumbe wa sauti. Alikuwa mwanamke, mtu mzima, na nyuma yake kimya kitupu.

"Mwalimu, shikamoo, ingawa huenda tunalingana. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka hamsini na minane. Mume wangu alifariki mwaka juzi akaniachia gari. Leseni nilipata zamani, ila usukani hakuwahi kuniachia. Kila jioni naingia ndani ya gari, nafunga milango, nakusikiliza. Kuwasha bado. Naomba mambo mawili. Huo muziki unanishtua. Halafu ukisema 'vijana wangu', najiona kama nimeingia darasa la watoto wa watu. Ni hayo tu, ubaki salama."

Niliusikiliza mara tatu. Kisha nikafanya kazi ambayo nilipaswa kuifanya kabla sijagusa hata godoro moja: niliwatafuta wale tisa wasio ndugu, nikawauliza ni akina nani. Mmoja ni yule kijana wa video. Wawili hawakujibu. Sita waliobaki walikuwa wanawake tu, waliovuka hamsini wote: fundi wetu, muuguzi mstaafu, mwalimu wa chekechea na wenzao. Karibu kila mmoja aliwahi kufokewa akiwa ameshika usukani, na mume, na kaka, mmoja na mtoto wake wa kumzaa.

"Baba," nikamwambia, "wasikilizaji wako si vijana. Ni akina mama, wa rika la mama."

Baba akaruka. "Hao siwawezi!"

"Huwawezi vipi, na umefundisha mamia ya watu?"

Mama alikuwa kitandani anakunja nguo. "Mwambie sababu," akasema. Baba akajifanya ameona kitu dirishani. "Haya, nitamwambia mimi," mama akaendelea. "Alinifundisha siku moja tu, wewe hujazaliwa. Gari likanizimikia mara tatu, akanifokea kama nimeua mtu. Nikashuka, nikarudi nyumbani kwa miguu. Na nikafika kabla yake."

"Kulikuwa na foleni," baba akasema.

"Foleni gani? Lilikuzimikia na wewe."

Tulicheka mpaka baba mwenyewe akashindwa kujizuia.

Kesho yake nikamkalisha mama kwenye stuli pale stoo, uso kwa uso na baba. Muziki nikauondoa, karatasi ya maneno niliyomwandikia baba nikaichana.

"Usiongee na wasikilizaji," nikamwambia baba. "Ongea na huyu."

Akamtazama mama.

"Mama watoto," akaanza, "gari likizima si kosa. Hata mimi linanizimikia, na wewe unajua. Siku ile nilifoka kwa sababu niliogopa. Nilikushushia hofu yangu wewe. Nisamehe. Sasa, mguu wako wa kushoto, ukanyage mpaka chini, usiwe na haraka..."

Akaenda hivyo dakika zake zote nne. Mama alitoka akisema vumbi la magodoro limemwingia machoni.

Kipindi kile kilitembea taratibu, kutoka simu ya mama mmoja hadi ya mwenzake. Wasikilizaji walifika mia nne na kidogo, wakaishia hapo. Bosi wangu alisema ni wachache mno. Lakini walikuwa wakisikiliza mpaka mwisho, na maswali yao yalimiminika: lori unalipitaje, mvua ikiziba kioo unafanyaje, na huyu wa nyuma anayepiga honi je? "Mwenye haraka ni yeye," baba aliwajibu. "Wewe maliza unachofanya."

Nilimuuliza mama kama sasa atajifunza. "Nijifunze ya nini? Mimi nimezoea kuendeshwa," akasema. Ila stuli hakuiacha. Baba akianza kukimbia na maneno, mama ananyoosha kidole, naye anapunguza mwendo.

Fundi cherehani aliwasha gari wiki ya pili. Wiki ya tano akafika getini na kurudi. Halafu mchana mmoja akapiga simu, nyuma yake honi na makelele ya watu.

"Mwalimu, nimefika sokoni! Nimekuja kuchukua vitambaa. Ila nimeegesha ovyo, nusu ya gari iko barabarani, watu wote wananitazama. Sasa nafanyaje?"

Baba akaketi ukingoni mwa kitanda, akainua sauti ya simu.

"Waache wakutazame, dada yangu. Simu iweke hapo kitini. Pumua kwanza. Umepumua? Haya, klachi."

Mama akaja akasimama karibu naye, mkono begani kwake, nasi watatu tukasikiliza injini ikiwaka.