Mbele Tano, Nyuma Saba

Mzee Springi hakuwahi kumpenda mkwewe, wala hakujisumbua kuficha. Daktari wa meno, jamani. Mtu anayeshinda akichungulia vinywa vya watu, eti anajiundia gari la mbio kwenye banda la nyuma ya nyumba, tena kavaa glavu asije akachafua kucha. Yeye Mzee alikuwa amekunja na kunyoosha springi za malori miaka thelathini na minane, na springi mojawapo ilimkata ncha ya kidole gumba cha kulia. Huo ndio ufundi, alipenda kusema, huku akikinyanyua kidole chenyewe watu wakione.

Tangu mkewe afariki, nyumba ya binti yake ndiyo pekee iliyobaki na kiti chake. Kila alasiri alikwenda kunywa chai na kumbeza mwenye nyumba, na binti alimvumilia. Alichotaka Mzee ni kimoja tu: binti aone kwa macho yake nani fundi na nani anacheza.

Gari lenyewe lilikuwa kichekesho. Limelala chini kama sahani, mabomba na mabati matupu, jepesi kiasi kwamba wanaume sita wangelibeba. Wiki nzima daktari alihangaika na shokapu, ile mitungi ya mafuta inayoituliza springi isirukeruke. Kila mtungi ulikuwa na kirungu cha kuzungusha, tik moja baada ya nyingine, kuanzia ulaini kabisa hadi mwisho wa ugumu, tik ya kumi na sita. Daktari alizungusha tik moja, akaenda kujaribu barabarani, akarudi, akaandika kwenye daftari kwa mwandiko wa mtoto wa shule. Mbele tano, nyuma saba. Mzee alicheka mpaka chai ikampalia. Saba? Hiyo ni shokapu au godoro? Kwenye kona ya tangi la maji, alisema, hilo dude litalala ubavu, na daktari atang'oka meno yake mwenyewe bila ganzi.

Alhamisi mchana, daktari akiwa kazini na binti katoka, Mzee akajipenyeza bandani. Tusimsingizie, nia mbaya hakuwa nayo. Alitaka gari lishike barabara, wakishuka wanacheka, naye awaambie taratibu kwamba aliligusa yeye. Akapiga magoti, akapapasa chini, mikono imejaa grisi, akakaza virungu vya nyuma vyote viwili mpaka vikagoma. Ndivyo alivyozoea kukazia malori ya mchanga. Ila lori la mchanga limebeba mchanga, gari jepesi likikazwa hivyo hudunda, na hilo fundi mzima wa miaka thelathini na minane hakulikumbuka.

Jioni wakalitoa, daktari kwenye usukani, binti pembeni yake. Mzee alikuwa keshatangulia kwenye kona ya tangi, mikono nyuma, kifua mbele. Pale lami ilikuwa na mabonde madogo madogo. Gari likaja vizuri, likayagusa, na nyuma ikaruka. Ikaruka tena, magurudumu yakawa hewani, gari likazunguka na kusimama hatua moja tu kutoka mtaroni. Binti alishuka akivuja damu mdomoni.

Daktari alimfuta mkewe damu, kisha akamgeukia baba mkwe. Usoni mwake hakukuwa na kiburi hata chembe.

"Baba, ulinionya, sikukusikia. Nitalivunja, nisije nikamuua mtoto wako."

Hapo ndipo pa kusema. Mzee alipaona kabisa.

"Nilikwambia," akasema.

Walilisukuma mpaka bandani. Binti ndiye aliyeingia chini, kazi aliyoizoea kuliko baba yake alivyojua, akalegeza kirungu cha nyuma huku akihesabu kwa sauti. Kumi na sita. Mumewe akafungua daftari, akasema basi alihesabu vibaya, akajilaumu kama mtu aliyeng'oa jino zima.

Kwenye mtungi palikuwa na alama ya grisi, dole gumba lisilo na ncha. Binti aliitazama, akamtazama baba yake, akamngoja. Alimngoja sana. Mzee akajishughulisha na kofia yake.

Basi akaifuta ile alama kwa tambara, akavirudisha virungu vyote viwili kwenye saba, akamwambia mumewe asivunje kitu, hesabu zake zilikuwa sawa na kesho watajaribu tena.

Kisha akamsindikiza baba yake hadi getini kama siku zote. Alimwangalia kuanzia viatu hadi kofia, vile vile Mzee alivyozoea kumwangalia daktari.

"Gari ningekusamehe," alisema. "Lakini umemwacha mume wangu akuombe radhi. Kesho usije."

Geti likafungwa. Mzee Springi akashika njia ya kwake, kidole gumba kakificha mfukoni.