Modemu ya Baba Mkwe

Fundi wa mtandao huchoshwa na mambo mengi, lakini hakuna linalomchosha kama modemu iliyo mikononi mwa baba mkwe. Mtu mwingine akifanya upuuzi unamwambia waziwazi. Baba wa mke wako unamwambia, "Samahani, Baba, labda tungejaribu hivi," huku meno yanauma kwa kuyakaza.

Idara yetu ya maji ilikuwa imenipa fomu na siku kumi. Mtu asiyejulikana alikuwa amepiga namba ya simu ya ofisi yetu moja, modemu ikaipokea simu yake, akaingia kwenye kompyuta na kuvuruga orodha nzima ya wateja. Meneja akapandwa na presha. Akaniamuru nipite vituo vyote, niikague kila modemu iliyounganishwa na laini ya simu, niandike nani anaitumia na kwa kazi gani. Isiyo na maelezo ya maana niing'oe.

Kituo cha pampu nilikiacha cha mwisho makusudi, kwa sababu mwangalizi wake ni baba mkwe wangu. Wafanyakazi wenzake humwita Bwana Presha, kwa kuwa miaka thelathini amekuwa akitangaza presha ya maji kama watu wengine wanavyotangaza vifo. Alikuwa amebakiza miezi minne astaafu.

Modemu niliikuta juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kutarizi kama redio ya sebuleni. Taa zake zilikuwa zinawaka. Mbele yake palikuwa na kipande cha plasta, na juu ya plasta hiyo, kwa kalamu nene na herufi kubwa za kusomeka kutoka getini, paliandikwa namba ya simu na neno la siri. Neno lenyewe la siri lilikuwa "maji".

Nilivuta pumzi. Nikamweleza Baba kwamba mbele ya kituo kuna ukuta, geti na mlinzi mwenye rungu, halafu huku nyuma yeye ameacha mlango wazi. Mtu yeyote mwenye simu, aliye popote, akiipiga namba ile kwa kubahatisha tu, modemu inapokea kwenye mlio wa kwanza. Haimuulizi ametoka wapi. Akishaingia kwenye kompyuta ya kituo anaweza kuwasha pampu, kuzima pampu, au kulikausha tangi watu wakiwa na sabuni usoni.

Alinisikiliza kwa adabu zote. Akasema modemu iliwekwa zamani na fundi aliyekwisha kuhama, ili yeye aweze kuangalia kina cha tangi siku za mapumziko, kwa kompyuta na laini ya pili ya simu alivyowekewa nyumbani. Nikamwomba basi aizime siku za kazi, maana yuko hapa hapa na tangi analo. Akasema sawa. Nikamwomba tubandue ile plasta na tubadilishe neno la siri. Akasema sawa. Nilipogeuka kuchukua bisibisi, alikuwa amekwisha kukirudisha kile kitambaa, na taa zinawaka kama kawaida.

Kulikuwa na jambo jingine lililonikera, ingawa halikunihusu. Kila baada ya saa moja Baba alikwenda kwenye simu ya mezani na kumpigia mkewe. "Ehe," anasema. "Ehe. Sawa." Kisha anarudi mezani anaandika kwenye daftari la kituo. Nilijiambia kwamba mapenzi ya wazee nayo yana mambo yake, na laiti angekuwa rafiki yangu ningemtania hadi akome.

Siku hiyo, karibu saa nne, niliishika hiyo simu ya mezani nikimlalamikia meneja. Nilimweleza kwamba modemu ya kituoni ni hatari tupu, kwamba ningeing'oa leo hii kama si kuogopa kuvunja ndoa yangu. Meneja naye ana maneno. Baba alikuja mlangoni mara mbili, akaionyesha simu kwa kidole. Mara zote mbili nilimwinulia mkono asubiri. Mara ya pili aliondoka, na nilimwona akielekea kwenye chumba cha pampu na mkanda mpya wa pampu begani.

Bado nilikuwa nasema na meneja nilipoisikia modemu, ambayo ina laini yake yenyewe, ikipiga ule mluzi wake wa kukwaruza. Pampu ya pili ikanguruma. Halafu nikamsikia Baba akipiga kelele.

Nilimkuta ameketi sakafuni. Alikuwa akifungua mkanda wa zamani pampu ilipowaka, na mkanda ukamkamata mkono wa shati ukamvuta. Kilichomwokoa ni uchakavu. Mkanda ulikatika wenyewe kabla vidole vyake havijafika kwenye gurudumu. Vidole viwili vilikuwa vimechunika hadi nyama, na yeye anavitazama kama vya mtu mwingine.

Nikazikimbilia swichi. Ziko mbili ukutani, zimeandikwa moja na mbili kwa rangi iliyopauka. Baba alikuwa ameizima ya kwanza. Pampu aliyoifungua ilikuwa ya pili.

"Umezima isiyo yenyewe, Baba," nilisema.

"Haraka," alijibu.

Angekuwa mtu mwingine ningemuuliza kama ana macho. Nilimfunga kitambaa mkononi, nikiwa na hasira na yule mhuni asiyejulikana aliyeipiga namba yetu kwa mchezo na nusura aondoke na mkono wa mzee wa watu. Baba aliniomba kitu kimoja tu. Nyumbani atasema amebanwa na mlango, nami nisiseme tofauti.

Kesho yake sikuomba ruhusa. Niliibandua plasta, nikaweka neno la siri refu, nikamsomea akalikariri. Kisha nikaipanga modemu isimwamini tena mpigaji yeyote. Mtu akipiga na kutoa neno la siri, modemu inakata simu, halafu yenyewe inapiga namba moja tu iliyohifadhiwa ndani yake, ya nyumbani kwa Baba. Hata mhuni akilijua neno la siri, modemu haitampigia yeye. Nilimweleza hayo yote Baba, nikaketi na fomu yangu. Kwa mara ya kwanza katika siku kumi nilijisikia kuwa mtu mwenye akili. Baba alikwenda kumpigia mkewe, safari hii kwa kunong'ona, akarudi, akakaa mezani mbele yangu na daftari lake, mkono umefungwa bendeji.

Haikupita nusu saa, modemu ikalia. Ikasikiliza, ikakata. Ikapiga yenyewe namba ya nyumbani. Huko nyumbani ikapokelewa. Pampu ya kwanza ikanguruma.

Nilimtazama Baba. Baba aliitazama meza. Alikuwa mbele yangu, kalamu mkononi, na modemu ilikuwa inaongea na nyumba yake.

Kabla sijafungua mdomo, simu ya mezani iliita. Niliinyakua.

"Mita mbili na nusu," ilisema sauti ya mama mkwe wangu, bila salamu. "Nimewasha ya kwanza. Andika, mzee wangu. Na hilo neno jipya mbona refu hivyo, nimelikosea mara mbili."

Hasira yote niliyoibeba tangu jana ilitafuta mtu wa kumwangukia ikamkosa. Nilizikumbuka zile herufi kubwa kwenye plasta. Nilikumbuka swichi, na simu za kila saa, na daftari linaloandikwa baada ya kila "ehe".

"Tangu lini, Baba?" niliuliza, simu bado sikioni.

"Mwaka wa pili sasa," alisema. "Kwenye ile kompyuta naona mwanga tu. Mama yenu ananisomea."

Na kabla ya kufungua pampu yoyote, alisema, humpigia kwanza, kumwambia asiiwashe. Jana alikuja kupiga. Simu nilikuwa nayo mimi, nikieleza habari za usalama.

"Nani huyo?" Mama aliuliza kwenye simu. "Ni wewe, mkwe? Mkono wa mzee unaendeleaje? Ule mlango wa stoo nimemwambia mara ngapi ufungwe kamba."

Baba alinitikisia kichwa nisiseme. Niliifikiria ile miezi minne, na mkanda mpya ambao haungekatika.

"Mama," nilisema, "haukuwa mlango. Pampu iliwaka Baba akiwa ameingiza mkono."

Kisha nikasikia kurasa zikifunuliwa. Naye alikuwa na daftari lake.

"Jana," alisema polepole, kama anayesoma kitu asichotaka kukiona. "Saa nne kasoro dakika kumi. Tangi liko chini ya mita mbili. Pampu ya pili, nimewasha." Akarudia, "Nimewasha mimi."

Baba alinyoosha mkono wake mzima akapapasa hewani mpaka akaipata simu. Niliitazama ile papasapapasa, jambo nililoliona kila siku nikaliita uzee.

"Mama watoto," alimwambia, "nilishika swichi isiyo yenyewe. Sikukwambia. Zima hiyo ya kwanza, ufunge kompyuta. Mkwe anataka kuchomoa."

Alisubiri. Pampu ilizimika, na chumba kizima kikatulia. Nilikwenda kwenye kabati, nikakiondoa kitambaa, nikauchomoa waya wa simu ukutani. Kisha nilirudi kwenye ile fomu, pale palipoulizwa nani anaitumia modemu hii na kwa kazi gani. Baba alikuwa bado ameshika simu iliyokwisha kukatwa.

"Umeandika nini?" aliniuliza.

Sikuwa nimeandika kitu. Kalamu ilikuwa hewani, na yeye hakuweza kuliona hilo.