Mkwe wa Ngazi ya Kwanza

Tangu lini mama mwenye wajukuu akakalishwa dawati moja na mkwewe, tena akaulizwa jina lake kama mtoto wa chekechea? Elisifa alijiuliza hivyo siku ya kwanza ya darasa la Kiingereza pale Njoro mjini, kwenye chumba cha juu ya duka la vifaa vya umeme, Mwalimu Elimringi alipokuwa akiwapima wanafunzi wapya ajue kila mmoja aanzie wapi. Ngazi za Kiingereza zilikuwa tatu. Ya kwanza ni ya kusalimia na kutaja vitu. Ya pili ni ya kuuliza njia na bei. Ya tatu ni ya kuzungumza, mgeni acheke, nawe ucheke, na wote mjue mnacheka nini.

Elisifa aliitaka ya tatu. Kwao Masama alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaolima kahawa, na kampuni moja ya utalii ya mjini ilikuwa tayari kuwaletea wageni waje kuona kahawa ikichumwa, ikikobolewa, ikikaangwa na kunywewa palepale kihambani, kwenye shamba la nyumbani katikati ya migomba. Sharti lilikuwa moja: msimu wa kuchuma ukianza, kikundi kiwe na mwenyeji aliyefika ngazi ya tatu. Asipopatikana, wageni watapelekwa kijiji kingine. Elisifa hakuona mwenyeji mwingine zaidi yake. Mdomo alikuwa nao, kihamba alikuwa nacho. Kilichobaki ni Kiingereza, na Kiingereza, alisema, ni maneno tu.

Akamchukua na Kindness, mke wa mwanawe Mathew, ili wawe wawili njiani.

Alipoulizwa, Elisifa alitaja jina lake kwa sauti ya mtu anayetangaza matoleo kanisani, kisha akakwama. Ikaja zamu ya Kindness. Naye akataja jina, akatazama chini, akanyamaza.

"Wote ngazi ya kwanza," Mwalimu akasema.

Elisifa alifurahi jamani! Asifurahi kwa nini? Mkwe aliyemaliza kidato cha nne, tena aliyewahi kufanya kazi hotelini mjini kabla hajaolewa, yuko sawa na yeye. Jumapili ile baada ya ibada usharika mzima ulipata habari.

Wiki zikapita, kahawa ikaanza kubadilika rangi, na Elisifa bado yuko palepale. Vitu aliviweza: kikombe, ng'ombe, mgomba. Sentensi ikirefuka kidogo ilimponyoka kama kuku aliyeona kisu. Akina mama wa kikundi wakaanza kumuuliza maendeleo kwa ile sauti ya upole inayoudhi.

Asubuhi moja alikuwa nyuma ya migomba akikata majani ya ng'ombe, akasikia Kiingereza getini. Wazungu wawili walikuwa wamepotea wakitafuta njia ya maporomoko ya maji. Kindness alisimama mbele yao, mtoto Gladys mgongoni, akiwaelekeza. Wala hakuishia kuelekeza. Alisimulia kitu kirefu, akanyoosha mkono mlimani, wazungu wakacheka, naye akacheka, na ilionekana wazi kwamba wote wanajua wanacheka nini.

Elisifa alibaki na panga mkononi. Wazo la kwanza lilikuwa la hasira: huyu binti ananifanya mjinga! Lakini wakati anafunga mzigo wake wa majani akakumbuka mambo mengine. Huyu ndiye mkwe asiyeanza kula kabla yake. Ndiye asiyemtangulia njiani hata mvua ikiwafukuza. Mtu wa namna hiyo angekubalije kupandishwa ngazi mbele ya darasa zima, amwache mama mkwe wake chini na watoto wa juzi? Alijishusha makusudi. Aibu ikamshika Elisifa mpaka masikioni, akaikumbuka na ile Jumapili ya kutangaza, akatamani ardhi ipasuke.

"Mama Gladys," alimwita jioni, "hotelini si ulikuwa unafua mashuka?"

"Mwanzoni, Mama."

"Na baadaye?"

"Walinihamishia mapokezi."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, Mama."

"Basi siku ya mtihani wa kupandishwa ngazi uongee kama ulivyoongea getini. Wale wageni ni wa kikundi kizima."

"Nikupite wewe, Mama? Watu watasemaje?"

"Nimesema uongee."

"Ndiyo, Mama."

Elisifa aliijua ndiyo ile. Alimpa mama mkwe wake mwenyewe ndiyo kama hiyo miaka na miaka, na hakufanya hata kimoja. Kwa hiyo hakubishana. Alikwenda bandani, akaanza kutunga sentensi zake na kumsomea ng'ombe kila anapokamua. Alijua pa kubonyeza. Kila alipoonja mtori wa ndizi wa Kindness na kuuongezea chumvi, alikuwa ameiona midomo ya mkwewe ikibana.

Siku ya mtihani, Mwalimu aliwataka wazungumze wawili wawili kuhusu nyumbani. Elisifa akauliza habari za ng'ombe. Kindness akajibu neno moja. Akauliza habari za mtoto. Neno moja tena, macho chini. Mwalimu akaanza kuandika, na Elisifa akaona wageni wote wa msimu wakiteremka kwenda kijiji kingine.

Akasimama, akazitoa sentensi zake za bandani moja moja. Kwamba mkwe wangu hawezi kupika mtori. Kwamba mimi ndiye ninayetia chumvi. Kwamba bila mimi, Mathew angekufa njaa.

Darasa likaangua kicheko. Kindness akainua uso.

Kilichofuata kilikuwa Kiingereza, kingi, cha haraka, hakuna pa kuvutia pumzi. Elisifa akajipongeza kimoyomoyo. Kisha akaanza kudaka neno moja moja, yale ya ngazi yake. Chumvi. Kila siku. Jiko langu. Chumvi tena. Akaona macho ya mkwewe yamejaa maji, na darasa limeacha kucheka. Akadaka "mama", halafu "hapana", na mengine yote yakampita juu. Lakini sauti haikuhitaji ngazi yoyote. Alikuwa amepanga kumchokoza mtu ili aongee, akakuta mtu alikuwa na la kusema tangu siku aliyoolewa.

Ghafla Kindness akajiziba mdomo.

"Ngazi ya tatu, bila ubishi," Mwalimu akasema. "Na wewe, Mama Mathew..."

"Najua nilipo," Elisifa akajibu.

Waliposhuka kwenye gari kule Masama, Kindness alibaki nyuma kama kawaida yake. "Mama, nisamehe," alisema. "Nimepitiliza."

"Wageni watakuja na wewe ndiye utakayewapokea. Hayo mengine yalikuwa Kiingereza," Elisifa akamjibu. Kisha akasogea pembeni ya njia, akasimama. "Pita mbele."

"Mama..."

"Pita, mwanangu. Mimi miguu inauma."

Miguu haikuwa inauma hata kidogo. Kindness alisitasita, akapita, na Elisifa akamfuata mpaka nyumbani akitazama kisogo chake.

Jioni ile kulipikwa mtori. Kindness alimwekea bakuli mezani, na pembeni yake, bila neno, akaweka kopo la chumvi. Elisifa akaonja. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kopo, kwa mazoea. Ukafika, ukagusa kifuniko. Akalisukuma kopo upande wa pili wa meza, akashika kijiko.

Mtori ulikuwa umepungua chumvi, na Elisifa akaumaliza wote.