Mbwa wa Balungi

Nhài alikuwa katika wiki ya pili tangu arudi kutoka kazini Taiwan, na bado mwanawe wa kumzaa alimwita shangazi.

Si kwa ujeuri. Tép alikuwa na miaka minne na nusu, mtoto mwenye adabu zake, na alifundishwa kwamba mwanamke yeyote wa rika la baba yake anayeingia na begi huitwa shangazi. Muuza mboga ni shangazi. Mwalimu wa chekechea ni shangazi. Basi na huyu, aliyezoeleka kuonekana ndani ya simu kila Jumapili, akilia kidogo na kucheka kidogo, akaja siku moja akiburuta sanduku mpaka ukumbini, angeitwa nani? Alipopewa peremende za maziwa alizipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akasema, "Asante, shangazi." Nhài alitabasamu, akaenda jikoni, akakata vitunguu ambavyo hakuna aliyevihitaji.

Mama mkwe wake, Bibi Vượng, ndiye aliyemlea Tép tangu anatambaa. Hakumtia Nhài moyo wala hakumvunja.

"Usimlazimishe," alisema. "Mtoto si mlango useme utausukuma ufunguke. Na wewe ulikuwa mbali, mwanangu, tusidanganyane. Fimbo ya mbali haiui nyoka."

Fimbo hiyohiyo ndiyo iliyoezeka paa hili, alisema Nhài, lakini alilisema moyoni. Mkwe mwenye akili hana haja ya kusema yote.

Ikafika siku ya mwezi mpevu wa mwezi wa nane wa kalenda ya mwezi, sikukuu ya watoto. Joto la kiangazi lilikuwa limevunjika, na upepo wa vuli ulikuwa ukipita juu ya bwawa la nyuma ya nyumba. Mume wake, Quyết, fundi mwashi huko Hanoi, angefika jioni. Bibi Vượng alipanda baiskeli kwenda kuwasaidia wanawake wenzake kupika kwenye nyumba ya kijiji.

"Mmalizie taa na mbwa," aliagiza akiwa langoni. "Mengine yote nimeshapanga. Msinigusie kitu pale."

Pale ni chini ya madhabahu ya wazee waliotangulia, na kitu chenyewe kila mtu alikijua. Lilikuwa balungi la mti uliopandwa na marehemu babu kando ya bwawa. Bibi Vượng alilivisha mfuko likiwa saizi ya ngumi, akalilinda dhidi ya nyigu, popo na watoto wa jirani. Leo alikuwa amelichuma, akalifuta kwa kitambaa, akaliweka kwenye kapu. Jioni lingepandishwa madhabahuni, ubani uwashwe, babu na wazee watangulie kula. Ubani ukishateketea ndipo walio hai nao wale. Ndivyo ilivyo, na hata mtoto wa chekechea anajua.

Walianza na taa. Nhài alikuwa amechonga fito za mwanzi tangu jana, akakaa na Tép mkekani, mkasi, uzi, karatasi nyekundu ya kung'aa na kikombe cha gundi ya unga wa muhogo katikati yao. Fito tano hufanya nyota moja. Nyota mbili hulazwa moja juu ya nyingine na kufungwa kwenye ncha, kisha vijiti vifupi huchomekwa katikati ili tumbo la taa livimbe na mshumaa upate pa kukaa.

"Mpe mama uzi," alisema Nhài.

"Chukua, shangazi," alisema Tép, akampa.

Fito zikateleza, nyota ikalegea upande mmoja.

"Siyo hivyo, shangazi! Bibi anazungusha hivi, halafu hivi, halafu anauma na meno."

"Anauma na meno?"

"Eee. Halafu anasema meno yamebaki ya kuumia uzi tu."

Nhài akacheka, akauma uzi kwa meno. Nyota ikakaza. Tép alipaka gundi kwenye karatasi, kwenye mkeka, na kwenye goti lake mwenyewe, na taa ikaisha, imepinda kidogo lakini nyota bila ubishi. Juu ya mlango shada la mbegu za balungi, ambazo bibi na mjukuu walizimenya na kuzitunga kwenye waya, lilikuwa limekauka kwa jua. Usiku lingewashwa, liwake kwa mlio na harufu. Nhài alilitazama, akahisi wivu. Kumwonea wivu bikizee kwa sababu ya mbegu! Alijionea aibu, lakini wivu haukuondoka.

Kukabaki mbwa.

Mbwa wa balungi hujengwa kwa vipande vya tunda lenyewe. Unamenya kipande, unapasua ngozi yake, unakigeuza nje ndani mpaka nyama zake zisimame mithili ya manyoya, kisha unaviunganisha vipande kwa vijiti vya meno mpaka mbwa atokee. Maharage meusi ni macho, pilipili nyekundu ni ulimi. Nhài alikuwa hodari wa kazi hii alipokuwa msichana. Kule Taiwan wenyeji nao hula balungi siku hiyohiyo, ila ganda ndilo huwavika watoto kichwani, likawa kofia. Vuli tatu mfululizo Nhài alimchongea kofia mjukuu wa mzee aliyemhudumia, na kila mara alipomvika alitazama pembeni.

Balungi alilonunua sokoni lilikuwa zuri kwa nje tu. Alipolipasua, ndani pakavu, vipande vyembamba, nyama zikimomonyoka mkononi. Alijaribu kimoja, kikavunjika. Cha pili vilevile. Alichopata mwishoni kilifanana na panya aliyenyeshewa.

Tép alimtazama panya yule.

"Wa bibi mwaka jana alikuwa na manyoya," alisema taratibu. "Shangazi hajui."

Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Nhài aliinuka na panya wake mkononi, na jicho likaenda lenyewe chini ya madhabahu. Lile pale, kubwa, zito, la kijani kuelekea njano.

Alijua. Asije mtu akasema hakujua. Alilichukua kwa mikono miwili, akalileta mkekani.

Macho ya Tép yalimtoka. "La babu?"

"La babu."

"Hajawashiwa ubani!"

"Babu ataletewa mbwa mzima. Babu hapendi mbwa?"

Tép alifikiri. Babu alikuwa picha ukutani, mwenye kofia na uso wa kutopenda chochote. Ila kisu kilipozama na harufu kali ikajaa ukumbini, alisogea, goti lake lenye gundi likaligusa goti la Nhài na kunata hapo.

Nyama zilikuwa nene, nyeupe, zikisimama zenyewe. Nhài aligeuza, Tép akachomeka vijiti. Miguu. Masikio. Mkia walibishana, Tép akashinda, ukakaa juu kama bendera. Macho hayakulingana, moja likiangalia mlangoni. Walicheka mpaka Tép akapata kwikwi, na Nhài akampiga mgongoni polepole, na mtoto hakusogea mbali. Nhài alifurahi hata akasahau kwamba siku ina jioni.

Kengele ya baiskeli ikalia langoni.

Tép alichomoka. Goti likabanduka, kandambili moja ikabaki mkekani, na mbio uani, akipaza sauti ambayo hata ng'ambo ya bwawa ilisikika:

"Bibi! Bibi! Mama kalikata balungi la babu!"

Nhài alibaki na kisu mkononi.

"Nini?" Baiskeli ikaanguka. "Balungi la babu? Kabla ya ubani? Mungu wangu, mwaka mzima nimelivisha mfuko, mwaka mzima nafukuza popo, kumbe popo ninaye ndani! Nani kakutuma... nani..." Sauti ikakatika.

Kuku mmoja akapita.

"Umesema nani kalikata?" aliuliza Bibi Vượng, sasa kwa sauti nyingine.

"Mama."

"Sikusikia vizuri, masikio ya bibi mabovu. Nani?"

"Mama, bibi! Mama! Kwa kisu! Mimi nilimwambia hajawashiwa ubani!"

Wambea wote duniani wangekuwa kama huyu, dunia ingekuwa na amani. Nhài aliweka kisu chini na kujifunika uso kwa viganja vinavyonuka balungi. Machozi na kicheko vilimjia pamoja, hakujua kipi atangulize.

"Haya," alisema Bibi Vượng kule uani, akijitahidi kukasirika tena na kushindwa. "Nenda kamwambie huyo mama yako anawe mikono, aje amwombe babu radhi. Na huyo mbwa amlete, tumwone."

Tép alirudi mpaka kwenye ngazi, mguu mmoja peku.

"Mama! Unaitwa na bibi!"

Nhài alisikia. Hakuitika upesi, ili aitwe tena.