Kwa Nini Embu

Barua ya kamati ilikuwa na mistari minne. Atakayetaka kuwa meneja wa ushirika wetu wa maziwa hapa Ruiri alete, kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, barua inayoonyesha kwamba amekubaliwa kusomea diploma ya usimamizi wa biashara. Miaka kumi na minne nimekuwa msaidizi wa meneja. Mameneja watatu wamenikuta pale na mimi ndiye niliyewaonyesha funguo ziko wapi. Wa tatu alipostaafu tukabaki wawili tunaoitaka ile ofisi: mimi Kiambi, na Kinoti wa maabara, kijana aliyekwisha kupata diploma yake na anayetembea kama amemeza rula. Kamati ilikuwa upande wangu. Ilitaka karatasi tu.

"Mzee Kiambi, utaweza darasa kweli?" Kinoti akaniuliza akipima maziwa. "Macho bado yanaona ubao?"

"Yanakuona wewe, na ubao ni mkubwa kuliko wewe."

Vyuo vilikuwa viwili. Cha Meru mjini kilifundisha Jumamosi kutwa, na masomo yalikuwa yanaendelea, lakini walikuwa bado wanapokea watu. Cha Embu kilifundisha shule zinapofungwa, wiki tatu mfululizo ukilala huko huko, na kundi lipya lingeanza Agosti. Tulikuwa mwezi wa Juni. Hapakuwa na la kufikiria. Nilimwekea mke wangu karatasi zote mbili mezani ili tu anisifu kwa kuchagua Meru.

Kathure hakuzisoma. "Enda Embu," akasema.

"Embu? Mama Nkatha, nikalale Embu wiki tatu na Meru iko hapa?"

"Hicho cha Meru hakijasajiliwa, Baba Nkatha. Niliambiwa na mtu wa ofisi ya elimu."

"Mtu gani?"

"Mtu tu. Kwani lazima umjue kila mtu?"

Kathure ni mwanamke wa kutaja majina. Akikuambia habari ya kuku, atakuambia kuku wa nani, na mama wa mwenye kuku alitoka wapi. Siku hiyo akasema "mtu tu", akainuka kutazama sufuria ambayo haikuwa motoni.

Jumatano niliomba ruhusa nikaenda Meru. Cheti cha usajili kilikuwa ukutani. Sikukiamini. Nilinakili nambari yake, nikapiga simu kwa wanaosajili vyuo, nikasubiri dakika ishirini nikisikiliza muziki, nikaambiwa chuo ni halali. Kwa hiyo mke wangu alikuwa amenidanganya.

Nilirudi nyumbani nikamtazama akimenya viazi, na kila nilichokuwa nikikiona kila siku kikageuka sura. Mwaka mzima sasa, kila Jumamosi alikuwa akienda Meru kuchagua mitumba ya kuuza. Alikuwa akitoka asubuhi na kurudi jioni na nguo tano, sita. Nguo sita zinachaguliwa kutwa nzima? Na sasa hakutaka niwe Meru siku za Jumamosi. Alitaka niwe Embu, tena usiku na mchana, wiki tatu.

"Umesikia mimi naelekea chuo gani?" nikamuuliza Ijumaa.

"Si tulikubaliana Embu?"

"Tulikubaliana lini?"

"Mimi nilikubali," akasema. "Nilikuwa nakungoja wewe."

Jumamosi nilimwacha atangulie. Saa nne nilikuwa nimesimama ng'ambo ya barabara, nimelitazama jengo la chuo, ghorofa mbili juu ya duka la matangi ya maji, fomu yangu iliyojazwa ikiwa mfukoni. Nilikuwa nimejiambia kwamba nakwenda tu kuirudisha. Kisha nikamwona Kathure. Alikuja upesi bila nguo yoyote mkononi, amebeba chupa ya chai tuliyopewa siku ya harusi yetu. Akapanda ngazi za kile chuo ambacho hakijasajiliwa.

Chupa ya harusi yetu! Nilivuka barabara bila kuangalia magari. Nilipanda nikihesabu maneno nitakayomwambia huyo bwana, mwalimu au mwanafunzi, mbele ya darasa lake. Mlango wa mwisho ulikuwa wazi nusu. Nikausukuma.

Mwalimu, bwana mmoja aitwaye Njuki ambaye tulizungumza naye Jumatano, alikuwa akiandika ubaoni. Watu wazima kama ishirini walikuwa wameinama wakinakili. Kathure alikuwa amepiga magoti kando ya dawati la nyuma, anamimina chai kwenye kikombe. Aliyekuwa akimiminiwa alivaa miwani na kilemba, kalamu mkononi, daftari limejaa mwandiko mpaka pembeni.

Alikuwa mama mkwe wangu.

Kwetu Meru jambo hili lina jina lake, nthoni. Mwanamume haketi chumba kimoja na mama wa mkewe hivi hivi. Hamshiki mkono, hali mbele yake. Kanisa limelegeza mengi, lakini kwetu hilo halikulegea. Tangu nimwoe Kathure, miaka kumi na miwili, nimeongea na mama yake nikitazama viatu vyangu. Tukikutana njiani yeye hushika ukingo mmoja, nami mwingine. Na sasa nilikuwa mlangoni nimekunja ngumi, naye ananitazama usoni kwa mara ya kwanza.

Hakupiga kelele. Alifunga daftari, akalitia kwenye kiondo, akavuta kilemba mpaka kwenye paji la uso, akauelekea mlango wa nyuma.

"Mama Celina, hatujafika mapumziko," akasema Njuki.

"Mimi nimemaliza, mwalimu."

Nilishuka ngazi mbili mbili. Kathure alinikuta chini, kati ya matangi.

"Umefurahi?" akaniuliza. Alikuwa akilia.

"Mbona hukuniambia?"

"Alinikataza. Mimi humkalia dukani kwake hapa mjini Jumamosi ili asome. Hata baba hajui, anafikiri yuko pale anauza chakula cha ng'ombe. Hataki mtu ajue mpaka amalize, ndio wasimcheke na miaka hamsini na sita."

"Ungenidokezea mimi tu."

"Wewe? Ungeuliza kwa nini wewe ndiye uhame. Nakujua, Baba Nkatha. Na ukiandikishwa hapa hangekuambia kitu. Angeacha tu, kama alivyoacha sasa hivi. Amebakisha muhula mmoja."

Nilitaka kukasirika, nikatafuta pa kuanzia. Mimi ndiye niliyekuwa na cheo cha kupoteza, kamati ikikataa kungoja mpaka Agosti. Nafasi ilikuwa wazi, chuo ni halali, fomu iko mfukoni. Ningepanda tu nikailipia, na hakuna mtu Ruiri angenilaumu. Lakini niliona lile daftari lilivyojaa mpaka pembeni.

"Yuko wapi?"

"Amesimama huko nyuma kwenye ngazi. Hawezi kushuka na wewe uko hapa."

"Basi panda umwambie arudi darasani. Mwambie yule aliyekuwa mlangoni alikosea jengo."

Jumatatu nilikuwa Embu. Walinipa barua siku hiyo hiyo.

Ijumaa kamati ilikaa, wazee sita na Kinoti karibu na dirisha. Mwenyekiti, mzee Mithika, aliisoma barua yangu mara mbili.

"Agosti," akasema. "Na Meru wanapokea watu sasa hivi. Kiambi, kwa nini Embu?"

Nilikuwa na jibu la maneno sita, na kila mzee pale angelielewa na kunipongeza. Jioni hiyo hiyo lingekuwa limefika kwa baba mkwe wangu.

"Nimependa masomo yao," nikasema.

"Masomo!" akasema mzee mmoja, na wenzake wakaanza kucheka. "Wiki tatu mbali na mke? Hayo masomo yana jina? Anaitwa nani?"

"Labda ubao wa Embu ni mkubwa zaidi," akasema Kinoti.

Mithika alingoja wanyamaze. Hakuwa anacheka. Alikuwa ananitazama kama nilivyokuwa nikimtazama Kathure na viazi vyake.

"Hatuwezi kumpa ofisi mtu ambaye hajaanza masomo, wala kukaa bila meneja mpaka Agosti," akasema. "Kinoti ashike ofisi. Wewe ukishafanya mtihani wa kwanza, utuletee matokeo, tutazungumza tena. Ila kama kuna jambo la kutueleza, lieleze sasa, tubadilishe."

Kinoti aliacha kutabasamu, akangoja. Wote walingoja.

"Hakuna," nikasema. "Andikeni Embu."